Kijitabu cha Visa vya Kuhubiria: Elfu Saba, na Penseli Uje Nayo

Bei ni elfu saba. Kijana anayevitandaza juu ya turubai pale Kabwe, Mbeya, huanzia elfu kumi akikuona umevaa sare ya akina mama wa kanisa, maana anajua una zamu ya kuhubiri na huna muda wa kubishana. Simama tu, funua kurasa, rudisha, geuka kama unayeondoka. Elfu saba itakufuata.

Sitakitaja jina, wala sitamtaja aliyekikusanya. Vijitabu vya namna hii vimejaa kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa, vinanakiliana, na hiki si kibaya kuliko ndugu zake. Anayekijua atakitambua kwa jalada: tai amekunjua mbawa juu ya mlima wenye theluji, mlima ambao si Rungwe wala Loleza.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Herufi ni kubwa. Umeme ukikatika unasoma kwa tochi ya simu bila kutafuta miwani. Visa ni 90, vimepangwa kwa mada: Imani, Uvumilivu, Utoaji, Msamaha, Ndoa, Malezi, na mwishoni Siku za Mwisho. Chini ya kila kisa kuna mstari wa Biblia na kijisehemu kinachoitwa "Wazo la Kuhubiri". Mhubiri wa zamu aliyerudi shambani saa kumi jioni, na ibada ya jumuiya ni saa kumi na moja, anakifungua huku akinawa miguu na anapata pa kuanzia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, najua hali hiyo. Kwa kazi hiyo kijitabu kinafaa. Kiswahili chake pia ni kizuri, sentensi fupi, hakuna kujisifu. Angalia tu kabla ya kulipa: baadhi ya nakala zimerudia kurasa za 57 hadi 60 na kuziruka nne zinazofuata.

Tatizo langu ni sentensi moja inayofungua karibu kila kisa: "Hiki ni kisa cha kweli."

Kingesema "Palikuwa na mtu mmoja," nisingefungua mdomo. Yesu alisema mtu mmoja alikuwa na wana wawili, na hakuna aliyemuuliza mtu huyo anakaa kijiji gani. Nathani alimletea Daudi kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja, Daudi akakichukulia kuwa ni kesi ya kweli hadi akakasirika, lakini Nathani hakumwacha aende nacho nyumbani hivyo. Palepale akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Mfano ni mfano. Ila ukishagonga muhuri wa "kweli", umeniruhusu niulize nani, wapi, mwaka gani. Nikaanza kuuliza.

Nilianza na cha karibu, kwa sababu kimewekwa huku kwetu. Ukurasa wa 22, chini ya Imani: mtumishi wa reli ya TAZARA, kazi yake kuinua na kushusha daraja karibu na Mlimba ili vyombo vya majini vipite. Siku moja anaenda kazini na mwanawe mdogo. Mtoto anateleza na kuanguka kwenye magurudumu ya mtambo wa daraja. Wakati huohuo treni ya abiria inakuja, imejaa watu wanaocheka na kula karanga. Akishusha daraja mtoto anasagika, asiposhusha treni inatumbukia. Anashusha. Abiria wanapita wakimpungia mkono. Mstari: Yohana 3:16.

Nimekisikia kisa hiki madhabahuni zaidi ya mara moja, na nimeona watu wakilia. Jumuiya yetu ya Ilomba ina mzee aliyestaafu TAZARA; ujana wake wote ameutembea kwa miguu akikagua njia ya reli, akigonga vifungo kwa nyundo. Nikampelekea kijitabu. Baada ya shikamoo na chai nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, daraja la kuinuka? Liinuke limpishe nani? Mtumbwi wa Mndamba?"

Kisha akaniambia kwa taratibu, kama mtu anayesoma orodha aliyoizoea. Reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, na sehemu ngumu kuliko zote ndiyo hiyohiyo ya Mlimba kupanda kuja Makambako, milima na mabonde matupu. Yote ni madaraja ya kusimama. Hakuna hata moja linaloinuka, kwa kuwa hakuna meli inayopita chini yake. Kisa chenyewe kinazunguka ulimwenguni na madaraja ya watu wengine, mara Marekani, mara Ulaya, hakina jina la baba, la mtoto wala la mto. Aliyekileta huku alibadilisha reli tu.

Nilimuuliza kama amewahi kukisikia kanisani.

"Mara nyingi."

"Na hukusema kitu?"

"Mchungaji ameshasema ni cha kweli. Mimi nisimame niseme nini?"

Jibu hilo limenikaa kuliko kisa. Mtu mwenye ujuzi kuliko wote waliomo ndani ya jengo anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, anajua kinachosemwa hakiwezekani, ananyamaza kwa heshima. Nilipoendelea na kurasa nyingine nikaona ndivyo ilivyo karibu kwa kila kisa: wa kukihakiki yupo tayari benchini, hajaulizwa.

Na niongeze hapa, kwa kuwa mzee wa reli hakuligusa: hata kingekuwa kweli, kisa hicho ni kibaya kwa Yohana 3:16. Mtoto yule hakuulizwa. Ameteleza. Yesu anasema katika Yohana 10:18 kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, anautoa mwenyewe. Ajali si sadaka. Mtu akitaka kuzungumzia waliotoa uhai kwenye reli hii, wapo: wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 walikufa wakati wa ujenzi ule, wengi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, makaburi yana majina. Kijitabu hakina habari yao.

Sasa yule tai wa jaladani. Ukurasa wa 9. Tai huishi miaka 70, lakini akifika 40 mdomo wake umepinda, kucha zimelegea, manyoya yamekuwa mazito. Anapanda mlimani peke yake, anagonga mdomo kwenye mwamba hadi ung'oke, anangoja uote mwingine, kwa huo mpya anang'oa kucha, kwa kucha mpya anang'oa manyoya, na baada ya siku 150 anaruka akiwa kijana kwa miaka mingine 30. Mstari: Isaya 40:31.

Mpwa wangu anaongoza watalii Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini. Nilimsomea ukurasa mzima kwa simu. Kimya kidogo, halafu: "Mama mkubwa, huyo tai anakula nini hiyo miezi mitano?"

Ndiyo hoja yote, na mtoto wa darasa la nne angeifikia. Mdomo wa tai ni mfupa uliovikwa gamba la kitu kilekile kilichotengeneza kucha zetu. Gamba hilo hukua maisha yote na kulika kwa matumizi. Mfupa ukivunjika hauoti upya, na tai asiye na mdomo hararui nyama, kwa hiyo anakufa. Manyoya anayabadilisha, ndiyo, lakini kwa zamu, machache machache, ili asikose kuruka hata siku moja. Furukombe unayemwona juu ya mti kando ya Ruaha Mkuu yuko katikati ya shughuli hiyo na wewe huoni tofauti. Kuhusu miaka 70, tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe, ambaye ndiye hupigwa picha kwa ajili ya kisa hiki, huishi porini miaka 20 hadi 30. Yule aliyevunja rekodi, aliyevishwa pete mguuni akiwa kinda na kuokotwa amegongwa na gari katika jimbo la New York mwaka 2015, alikuwa na miaka 38. Yaani huyo mkongwe wao hakufika hata umri ambao kijitabu kinamtaka aanze kujigonga.

Isaya hakuhitaji mdomo wa mtu uvunjike. Alisema wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya, watapanda juu kwa mbawa kama tai. Ukitaka kuhubiri hapo, tai anayepaa juu ya hewa moto bila kupiga mbawa anatosha sana, na mpwa wangu atakuonyesha bure kama umelipa kiingilio.

Mchungaji mmoja kijana, mtu mwema, aliniambia kisa cha tai kimemwinua mama aliyefiwa na mume akaanza tena biashara yake Mwanjelwa. "Kama kimejenga, Mwalimu, ubaya uko wapi?" Simdharau mama huyo wala kuinuka kwake. Lakini benchini pia yuko mtoto wa kidato cha tatu mwenye simu, na bando lake halingoji Jumatatu. Anatafuta tai palepale, wakati sadaka inapita. Akikuta si kweli, hatamuuliza mchungaji kuhusu tai. Atajiuliza kimoyomoyo kuhusu kaburi tupu, kwa sababu yote mawili aliyasikia kwa sauti ileile, siku ileile, kwa muhuri uleule. Paulo aliliona hilo mapema: kama Kristo hakufufuka, anasema katika 1 Wakorintho 15, basi sisi ni mashahidi wa uongo. Hakusema "lakini tumewajenga watu".

Mada ya Malezi ina mchungaji wa kondoo wa Palestina anayemvunja mguu makusudi mwanakondoo mkaidi, halafu anamfunga bandeji na kumbeba mabegani hadi apone, na tangu hapo mwanakondoo habanduki kwake. Kimewekwa kuwatetea wazazi wanaochapa. Hiki nilikipeleka mnadani Mbarali, kwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu zamani. Hakucheka. Aliniangalia kwa huruma. "Mama, nikimvunja mguu nimeshamchinja." Akanieleza kuhusu kidonda, funza, na kubeba mnyama anayenenepa kila wiki huku wengine mia wanakungoja malishoni. Katika Biblia hakuna mchungaji wa namna hiyo. Luka 15 anambeba aliyepotea kwa furaha, bila kumvunja chochote, na Ezekieli 34 Mungu anawakemea wachungaji kwa kutowafunga waliovunjika. Kuweka kisa hiki chini ya Malezi, katika nchi ambayo watoto wanafika zahanati na mikono imevimba, ni jambo ambalo mkusanyaji angelifikiria mara mbili.

Mada ya Utoaji ndiyo imenichekesha. Kuna lango la Yerusalemu liitwalo Tundu la Sindano, eti ndilo Yesu alilomaanisha aliposema ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Ni dogo, ngamia hupita kwa kupiga magoti na kushushwa mizigo. Wazo la Kuhubiri: tajiri ashushe mizigo kidogo, atapita. Lango hilo ni zuri sana kwa kamati ya ujenzi, kwa kuwa linampa tajiri nafasi na kanisa linapata mabati. Ila wachimbaji wa mambo ya kale hawajalipata, na maelezo yake yanaanza kuonekana katika maandiko ya Zama za Kati, karne nyingi baada ya Yesu. Marabi wa Babeli walikuwa na msemo wao wa tembo kupita tundu la sindano, na hakuna aliyewatafutia lango la tembo. Zaidi ya hapo, soma Marko 10 mistari miwili mbele. Wanafunzi walishangaa mno, wakaulizana ni nani basi awezaye kuokoka. Wangeshangaa nini kama ni suala la kupiga magoti? Yesu naye akajibu kwamba kwa wanadamu haiwezekani. Kijitabu kimemfanya aseme inawezekana, ukijibana.

Vingine navipita haraka. Kuhani Mkuu aliyefungwa kamba mguuni ili avutwe akifia Patakatifu pa Patakatifu: Kutoka 28 ina njuga kwenye vazi, haina kamba, kamba inatoka katika Zohari, maandiko ya mafumbo ya Kiyahudi yaliyotokea Hispania karne ya 13. Kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, zilizogundua siku iliyopotea ya Yoshua, ile jua liliposimama: NASA walikana, kisa kilienezwa na mfanyabiashara wa injini wa Baltimore aitwaye Harold Hill, na hoja yake ilikuwa imeshaandikwa mwaka 1890, kabla ya kompyuta yoyote. Albert Einstein akiwa mwanafunzi akimnyamazisha profesa asiyeamini: hakuna kumbukumbu yoyote ya tukio hilo. Mama yake mvumbuzi Thomas Edison aliyeificha barua ya mwalimu ya kumkataa mwanawe, akamsomea maneno ya kumsifu: Edison mwenyewe alisimulia mwalimu alivyomwita mzito wa akili na mama akaja juu, barua iliyogeuzwa maneno imeongezwa baadaye na watu wa mitandaoni.

Cha Churchill na Fleming nitakaa nacho kidogo, kwa sababu husomwa kwenye harambee za shule. Mkulima maskini wa Uskoti anamwokoa mtoto wa tajiri asizame matopeni. Baba wa mtoto, kwa shukrani, anamsomesha mwana wa mkulima. Mwana huyo ni Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini. Miaka inapita, yule mtoto wa tajiri anaugua nimonia, penisilini inamwokoa. Ni Winston Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza.

Kimesukwa vizuri mno, na usukaji wenyewe ulitosha kunitia wasiwasi. Tarehe zinakifumua. Churchill alizaliwa mwaka 1874, Fleming 1881, na baba yake Fleming alifariki Alexander akiwa na miaka saba tu. Ada ya udaktari ilitokana na urithi wa mjomba. Nimonia ya Churchill ya Desemba 1943, akiwa Tunisia, ilitibiwa kwa dawa za salfa, si penisilini. Na Fleming alikiita kisa hicho hadithi tu. Tabibu wa kituo chetu cha afya, anayeimba besi kwaya kuu, aliposikia "nimonia, 1943, penisilini" aliinua nyusi kabla sijamaliza. Wakati huo dawa hiyo ilikuwa bado adimu mno, akasema. Yeye naye yupo benchini kila Jumapili.

Jinsi nilivyohakiki wa mbali, kwa wanaouliza: simu, bando, na Kiingereza changu cha ualimu. Tovuti ya Snopes, iliyoanza mwaka 1994, ina mengi ya haya. Nyingine ni TruthOrFiction, iliyoanzishwa mwaka 1999 na mtangazaji wa redio ya Kikristo wa California, Rich Buhler, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa alizifahamu hadithi za mimbarini kuliko wengi. Za nyumbani, JamiiCheck na NuktaFakti, zinashughulika zaidi na habari zinazosambaa mitandaoni. Ni nzuri kwa ujumbe wa WhatsApp unaokuambia kitu fulani kinatibu kisukari, lakini tai sikumkuta huko. Kwa yanayohusu Biblia, itifaki (kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo) na mistari ya juu na chini ya ule ulionukuliwa vimenisaidia kuliko tovuti zote.

Usidhani kijitabu kizima ni takataka. Kuna visa vya kweli, na hapo ndipo nilipomkasirikia mkusanyaji hasa, maana vya kweli kavifanyia uzembe.

Ukurasa wa 48 unasimulia asili ya wimbo "Ni Salama Rohoni Mwangu". Hiki ni kweli. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alipoteza mali nyingi katika moto mkubwa wa mji huo mwaka 1871. Novemba 1873 alimtanguliza mkewe Anna na mabinti wanne kwenda Ulaya kwa meli Ville du Havre. Meli ikazama, watu 226 wakafa, wakiwemo mabinti wote wanne. Anna akapeleka simu ya maandishi iliyoanza kwa kusema ameokoka peke yake. Spafford akamfuata, na maneno ya wimbo yakazaliwa katika msiba huo. Kijitabu kinasema meli ilizamishwa na dhoruba. Hapana. Iligongana na meli nyingine, Loch Earn. Mkusanyaji amependa dhoruba kwa kuwa wimbo una mawimbi. Naye kaacha lililo zito: Philip Bliss, aliyetunga muziki wake mwaka 1876 na kuuita kwa jina la meli ile, alikufa katika ajali ya treni mwishoni mwa mwaka huohuo, kule Ashtabula, Ohio. Hilo halihitaji chumvi. Na Spafford baadaye alihamia Yerusalemu na familia, akafia huko kwa malaria mwaka 1888. Mtu wa Kyela akisikia malaria hapo anageuka kukusikiliza vizuri.

Halafu ukurasa wa 53, Uvumilivu. "Mkimbiaji mmoja wa Ethiopia" katika Olimpiki, aliumia goti, akamaliza wa mwisho uwanja ukiwa karibu mtupu, akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio bali kuzimaliza.

Wa Ethiopia! Niliposoma hapo niliweka kijitabu mezani nikaenda kumwagilia mchicha kwanza.

Ni John Stephen Akhwari, Mtanzania, mtu wa Mbulu. Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio juu mita 2,240, zaidi ya Mbeya yetu, hewa nyepesi. Aliumia njiani, goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea huku wengine wakiacha. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Mshindi ndiye aliyekuwa wa Ethiopia, Mamo Wolde. Bila shaka ndiko mkusanyaji alikoponyoka. Maneno aliyasema kweli. Picha ya filamu ipo, bandeji inaonekana ikining'inia. Na kuna kipande ambacho wahubiri hawakisemi kwa kuwa kinaharibu picha ya mnyonge: huyu hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyebahatisha kwenda. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Mimi naona hicho ndicho kinachokipa kisa uzito. Bingwa anayejua vizuri kasi yake ilivyo, ndiye aliyekubali kuonekana akichechemea.

Nilifundisha hicho jumuiyani, nikasema jina, mji, mwaka na jina la mshindi. Yule mzee wa reli, ambaye kwa kawaida husinzia kidogo baada ya wimbo wa pili, aliuliza kama yule Mwethiopia naye tunaweza kumjua zaidi. Tukabaki na simu tukisoma hadi chai ikapoa.

Kwa hiyo, ununue? Kama umehubiri miaka mingi, una penseli, na una watu wa kuwauliza, nunua; visa vinane au tisa vya kweli kwa elfu saba si bei mbaya, na vingine ukivifutia ile sentensi ya mwanzo vinabaki mifano inayofaa. Nakala yangu nimeweka alama: "K" kwa kweli, "M" kwa mfano, na mstari wa kukata kwa kile cha mguu wa kondoo. Mkusanyaji akisoma hapa, toleo lijalo aweke chini ya kila kisa nani, wapi, mwaka gani. Kurasa zitapungua, nitalipa elfu kumi na mbili bila kubishana.

Usimnunulie anayeanza, hata kama ni zawadi ya kuwekewa mikono. Huyo mchangieni itifaki ya Biblia. Ni ghali zaidi na haina picha jaladani. Na namba ya simu ya mzee yeyote mstaafu wa reli mtaongezea bure.